Pambo Lenye Kazi: Nyimbo Kumi za Queen, Kutoka ya Kumi Hadi ya Kwanza

Mazungumzo haya niliyatoa mbele ya wapenzi wa santuri, Mji Mkongwe, Unguja. Walioshindwa kufika wameniomba niyaweke yote kwa maandishi. Nimeyaacha kama yalivyosemwa. Picha tulizoonyesha ukutani tu ndizo hazimo.

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu wapenzi wa santuri, assalaam aleikum. Na wale wenye salamu nyingine, habari za jioni.

Mliniita nizipange nyimbo za Queen, lile kundi la roki la Freddie Mercury, kutoka ya kumi hadi ya kwanza. Nikakubali haraka, na ndipo nilipojua kwa nini wenzangu walikuwa wanaikwepa kazi hii. Tangu tangazo lipite nimekuwa nikishikwa mkono njiani. Kila mtu ana orodha yake mfukoni. Mzee mmoja pale Darajani kaniambia kwamba kama "We Are the Champions" haimo, nisijisumbue kuja. Mzee wangu, haimo. Na nimekuja.

(Kicheko.)

Kabla ya yote niliondoe jambo moja. Freddie Mercury, yaani Farrokh Bulsara, alizaliwa hapa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, wazazi wake Maparsi, mzee Bomi na Bi Jer. Tunalijua. Watalii nao wanalijua, ndiyo maana wanapiga picha pale Shangani kutwa. Lakini wangapi wakitoka pale wanakwenda kuusikiliza wimbo, mwanzo hadi mwisho? Na sisi wenyewe je? Tunamsifu kwa kuzaliwa, kama vile kuzaliwa ni kazi aliyoifanya yeye. Leo sitampa hata alama moja ya uzawa. Wala msinitafutie taarabu ndani ya nyimbo zake. Mtoto aliondoka ana miaka minane kwenda skuli ya bweni Panchgani, India, na huko ndiko alikofundishwa piano. Akarudi hapa 1963, na 1964 familia ikahamia Uingereza. Muziki tunaouzungumza leo ulitengenezwa Uingereza, na watu wanne: Freddie wa kuimba na piano, Brian May wa gitaa, Roger Taylor wa dramu, John Deacon wa besi. Wanne, ndugu zangu. Hili la wanne mlishike, maana nitalirudia mpaka mchoke.

Sasa tuwekeane mipaka. Queen wana albamu 15 za studio. Ukizitia zote kwenye mzani mmoja hutapata jibu. "Another One Bites the Dust" ya 1980 ni muziki wa ukumbi wa disko. Utaupimaje na wimbo wa 1974 wenye gitaa kumi zinazopishana? Kwa hiyo leo nachukua miaka minne peke yake, 1973 hadi 1976, albamu tano: Queen, Queen II, Sheer Heart Attack, A Night at the Opera, na A Day at the Races. Miaka hiyo ndiyo Queen ya glamu roki.

Na glamu roki ni nini? Vijana wa leo hawakuikuta. Ni Uingereza ya mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mwaka 1971 Marc Bolan wa T. Rex anatokea kwenye televisheni ya BBC ana vumbi la kumetameta chini ya macho. Mwaka unaofuata anakuja David Bowie na nywele nyekundu. Wanakuja Slade na mabuti yao marefu, wanakuja Sweet na rangi za midomo. Wanaume wazima, satini mwilini, viatu visigino virefu, wanja machoni. Queen waliingia sherehe ikielekea ukingoni. Mwaka 1974 walishonewa nguo na mbunifu Zandra Rhodes. Ile nyeupe ya Freddie, yenye mikunjo, akiinua mikono inafunguka kama mbawa. Kucha zimepakwa rangi nyeusi. Baadhi ya waandishi wa magazeti ya muziki London wakasema: hawa ni nguo tupu, muziki hakuna.

Basi swali langu la leo ni hilo hilo waliloliuliza wale waandishi, ila mimi naliuliza kwa nia njema. Pambo lina kazi gani? Tazameni shingo ya kanzu. Ile darizi inapendeza, sawa, lakini pia ndiyo inayoushika mpasuko usiendelee kuchanika. Ikiondolewa, kanzu haina umri. Kuna nyimbo za Queen ambazo pambo lake ni la namna hiyo, na kuna nyimbo ambazo pambo ni pambo tu. Hapo ndipo ninapozitenganisha. Kisha nasikiliza kama wote wanne wana kazi ndani ya wimbo, na kama wanaweza kuusimamia jukwaani, kwa mikono yao na koo zao.

Nianze na gitaa, kwa sababu bila gitaa lile orodha yangu haina maana.

Mwaka 1963 Brian May ni kijana wa miaka 16. Anazitamani gitaa za dukani, fedha hana. Baba yake, Harold, anaujua umeme na elektroniki. Wakaamua: tutalitengeneza wenyewe. Shingo ya gitaa wakaichonga kutoka ubao wa meko ya zamani sana. Ubao ulikuwa umetobolewa na bungua. Brian akayaziba matundu kwa vijiti vya kiberiti. Springi za kurudisha nyuzi mahali pake zilitoka kwenye injini ya pikipiki kuukuu. Mkono wa kutikisia nyuzi ni chuma cha kushikia mkoba wa baiskeli, na ncha yake ni ya sindano ya kufumia ya mama. Vile vidoti vyeupe vya kwenye shingo ni vifungo vya chaza kutoka kwenye vifaa vya mama vya kushonea. Na akipiga, hapigi kwa plastiki kama wenzake. Anapiga kwa sarafu, ile peni sita ya zamani ya Uingereza, ambayo ukingo wake una meno, kwa hiyo kila noti inaanza na mkwaruzo mdogo.

Gitaa hilo analipiga mpaka leo. Wale waandishi waliona satini. Hawakuona vijiti vya kiberiti.

Na sauti iliyotoka humo! Watu walidhani ni mashine. Kundi likawa linaandika kwenye majalada ya albamu zake kwamba humu hakuna sintesaiza, ile mashine ya umeme ya kuigiza sauti za vyombo. Mnachodhani ni tarumbeta ni gitaa. Mnachodhani ni fidla ni gitaa. Kwenye wimbo "Good Company" kuna bendi nzima ya jazi ya kizamani, na bendi hiyo ni Brian peke yake, akipitisha gitaa lake kwenye kipaza sauti kidogo ambacho John Deacon alikiunda kwa kipande cha saketi alichokiokota kwenye takataka za ujenzi. Wimbo huo haumo kwenye kumi zangu. Nimeutaja kwa sababu ningelala vibaya nisingeutaja.

Haya, tuanze kuhesabu, na huku chini nitakwenda mbio.

Ya kumi ni "Keep Yourself Alive", singo yao ya kwanza kabisa, Julai 1973. Haikuingia kwenye chati. Haikununuliwa. Lakini sikilizeni lile gitaa la mwanzo linavyozunguka, halafu katikati Roger Taylor na Brian wanavyopeana mstari mmoja mmoja wa kuimba. Kundi zima limeshajitambulisha ndani ya dakika nne.

Ya tisa, "Stone Cold Crazy" ya 1974. Dakika mbili na ushei, kasi ya gari lisilo na breki, na ndio wimbo wao wa kwanza kutoka ukiwa na majina ya wote wanne kama watunzi. Metallica waliurudia baadaye na ukawapa tuzo ya Grammy. Hapo sina zaidi.

Ya nane ndiyo iliyonitesa: "The March of the Black Queen". Ule upande wa Freddie wa Queen II, waliouita upande mweusi, moyo wake ni wimbo huu. Dakika sita na nusu, mapigo mawili tofauti yanakwenda kwa wakati mmoja, sauti zinapanda juu ya sauti, unasimama, unaanza upya, unacheka, unalia. Moyo wangu ulitaka uwe wa pili. Kipimo kimekataa. Wenyewe hawakuwahi kuupiga wote jukwaani, hata siku moja. Walichukua vipande tu. Na kuna mahali ndani yake, nasema kweli, pambo linajipamba lenyewe. Nane.

Ya saba, "Seven Seas of Rhye". Huu una kisa. Kwenye albamu ya kwanza ulikuwa kipande kifupi cha kufungia, piano na gitaa, hauna maneno. Mwaka uliofuata wakaumaliza. Februari 1974 kipindi cha televisheni cha Top of the Pops kikawa na pengo, kwa sababu filamu fupi ya David Bowie haikupatikana. Wakaitwa Queen wajaze nafasi, kundi ambalo nusu ya nchi haikulijua. Inasimuliwa kwamba Freddie hakuwa na televisheni, akajitazama kupitia kioo cha duka la televisheni barabarani. Siku chache baadaye singo ikawa madukani, na ikapanda hadi nafasi ya 10. Piano ile ya mwanzo, vidole vinavyoteleza kama maji, ndiyo kazi ya pambo: haichukui hata sekunde kumi, na tayari umeshaingizwa kwenye nchi ambayo haipo.

(Wimbo ulipigwa. Mzee wa mstari wa mbele akaomba urudiwe, tukaurudia.)

Sasa kabla sijafika ya sita, niwakasirishe kabisa. "Love of My Life" haimo.

(Minong'ono.)

Najua. Najua, mama zangu. Najua kwamba umati wa Amerika ya Kusini ulikuwa ukiuimba wote huku Freddie kanyamaza anawaongoza kwa mkono. Najua Brian alipiga kinubi humo, chombo asichokizoea, akirekodi kipande kimoja, anakaza nyuzi zilizolegea, anarekodi kingine, mpaka vikaunganishwa. Ni wimbo mzuri kupita kiasi. Lakini nimewaambia nini? Wanne! Kwenye ule uzuri wote, Roger na John wana kazi gani? Mnione mkatili, lakini kipimo ni kipimo.

Nimemtaja John. Tumzungumze John Deacon, maana ndiye mtu anayesahauliwa kuliko wote. Alijiunga 1971, wa mwisho kuingia, mdogo kuliko wote, mwanafunzi wa elektroniki, mkimya. Hakuwa anaimba kwenye kurekodi. Mtu wa gitaa la besi, nyuma, karibu na dramu. Sasa sikilizeni alichokifanya kwenye albamu ya 1975.

Alikuwa na wimbo aliomtungia mkewe. Akataka upigwe kwa kinanda cha umeme aina ya Wurlitzer. Freddie akakichukia kile kinanda, akakataa kukigusa. Yeye na piano kubwa, basi. John hakubishana. Alikichukua kinanda akaenda nacho nyumbani, akajifunza, akarudi akaupiga mwenyewe. Huo ndio "You're My Best Friend", wa sita wangu. Ule mngurumo laini wa mwanzo mnaoupenda nyote ni wa mtu aliyekuwa mgeni wa kinanda.

Albamu hiyo hiyo, Brian akaleta wimbo wa kimyakimya wa gitaa la kawaida, "'39". Ukiusikia bila kuyafuata maneno utadhani ni wimbo wa mabaharia wa zamani. Kumbe ni chombo cha angani: wasafiri wanaondoka mwaka mmoja tu, wakirudi duniani imepita miaka mia, na waliowaacha wameshazeeka na kufa. Brian alikuwa mwanafunzi wa fizikia ya nyota. Aliiacha shahada yake ya udaktari kwa ajili ya kundi, akaja kuimaliza 2007. Basi, akamwambia John kwa utani kwamba wimbo huu ungefaa besi ile kubwa ya kusimama. Siku chache baadaye akamkuta John studio amesimama na besi kubwa, anaipiga. Hakuuliza maswali, alijifunza. Wa tano.

Pambo lina kazi gani hapo? Wimbo wa anga umevikwa nguo za baharia, na ndiyo maana unauma. Ungevikwa sauti za mitambo ya angani ungekuwa wa kuchekesha.

Hebu niseme jambo la fedha, maana watu wanadhani makundi makubwa yanaishi kwa mapenzi tu. Miaka ile kila wimbo ulikuwa wa aliyeutunga, na mrabaha ni wake. Na singo ilikuwa na pande mbili. Upande wa nyuma, hata kama hakuna anayeugeuza, unauzwa pamoja na wa mbele na unalipwa sawa. Inasimuliwa kwamba ilipofika zamu ya kutoa "Bohemian Rhapsody", Roger alijifungia ndani ya kabati la studio, akakataa kutoka mpaka wimbo wake wa gari, "I'm in Love with My Car", uwekwe nyuma. Ukawekwa. Akalipwa sawa na Freddie. Mnaweza kufikiria manung'uniko. Ilichukua mpaka albamu ya 1989, The Miracle, ndipo wakakubaliana kwamba nyimbo zote zitaandikwa jina la Queen. Lakini mimi nasema ugomvi ule ulitufaidisha. Watunzi wanne ndani ya chumba kimoja, kila mmoja anataka wake uingie: wimbo dhaifu ungepitia wapi?

Ya nne. "Now I'm Here", ya Brian, 1974. Hapa nataka mnisikilize vizuri, maana wimbo huu ndio ulionifundisha tofauti ya pambo na pambo.

Mwanzoni sauti ya Freddie inasema yupo hapa, kisha mwangwi unajibu upande wa pili. Ni mchezo wa kanda: sauti inarekodiwa, inacheleweshwa, inarudi. Studio ni rahisi. Jukwaani je? Walifanya hivi. Taa zimezimwa. Mwanga unamulika upande mmoja: Freddie huyo, na nguo yake. Giza. Mwanga upande wa pili: Freddie huyu hapa! Umati unapiga kelele, amefikaje? Kulikuwa na mtu mwingine aliyevalishwa kama yeye. Basi. Ni hila ya sarakasi, haihitaji akili kubwa. Lakini tazameni jinsi ilivyokaa: mwangwi wa sauti umegeuzwa mwangwi wa mwili. Nguo imefanya kazi ya mashine. Ile satini waliyoicheka ndiyo iliyobeba maana ya wimbo, kwa sababu bila vazi linalotambulika kutoka mbali, mtu wa pili asingewezekana.

Wa tatu.

(Kimya. Wanajua.)

Naam, wa tatu. "Bohemian Rhapsody".

Nishusheni baadaye, kwanza nisikilizeni. Sisi tuliofanya kazi na kanda za rili tunauheshimu wimbo huu kuliko wanaousikia kwenye simu. Mashine ina njia 24, yaani sauti 24 zinaweza kurekodiwa kila moja peke yake. Freddie, Brian na Roger wanasimama, wanaimba mstari mmoja. Wanaurudia. Wanaurudia tena. Njia zikijaa, zinachanganywa zote ziingie kwenye njia chache, nafasi inapatikana, wanaanza upya juu yake. Freddie katikati, Brian chini, Roger kule juu ambako wanaume wengi hawafiki. Ile sehemu ya opera peke yake ilikula kama wiki tatu. Na kanda, kila ikipita kwenye vichwa vya mashine, unga wake wa kahawia unasuguliwa kidogo. Ilipita mara nyingi hata ukiinyanyua kwenye mwanga unaona upande wa pili. Fikirini. Walikuwa wanaufuta wimbo huku wanautengeneza.

Dakika tano na sekunde 55. Wakaambiwa hakuna redio itakayoupiga. Mtangazaji Kenny Everett wa Capital Radio, London, akaupiga mara 14 ndani ya siku mbili. Wiki tisa namba moja Uingereza. Freddie alipofariki, Novemba 1991, ukarudi namba moja tena.

Najua pia kuna wanaosubiri niiseme ile bismillahi iliyomo katikati. Imo. Haikuongeza alama wala kupunguza.

Sasa kwa nini wa tatu? Kwa sababu nilikwenda kuutazama jukwaani, kwenye picha zao za maonyesho, mwaka baada ya mwaka. Mnajua wanachofanya ikifika opera? Wanaondoka! Wanne wote wanatoka jukwaani, taa zinacheza peke yake, kanda inapigwa, halafu wanarudi mbio kwa lile gitaa zito. Sehemu iliyowafanya wajulikane dunia nzima, wao wenyewe hawamo. Siwalaumu, hakuna binadamu watatu wanaoweza kuimba vile. Lakini napanga nyimbo za kundi, na hapo katikati kundi halipo, ipo kanda. Nauheshimu. Wa tatu.

Wa pili ni jibu la tatizo hilo. Mwaka mmoja baadaye, Novemba 1976, Freddie analeta "Somebody to Love". Alimpenda sana mwimbaji Aretha Franklin, akataka kwaya ya kanisa la Wamarekani weusi. Kwaya hana. Ana koo tatu zile zile, yake, ya Brian na ya Roger, na mashine ile ile. Wakajirundika tena, safari hii mpaka ukapata kanisa zima. Mtoto wa Kiparsi, wa dini ya Zoroasta, anatunga dua kwa mtindo wa Wabatisti, na inakubalika.

Tofauti iko katikati ya wimbo. Vyombo vinanyamaza. Linabaki ombi moja, nitafutieni wa kumpenda, linaanza chini kabisa, sauti chache, linarudiwa, linarudiwa, kila mara kuna mtu ameongezeka, mpaka linajaa. Hapo jukwaani hawakuhitaji kanda. Walihitaji umati, na umati ulikuwepo. Pambo la kwaya limegeuka mlango wa kumwingiza msikilizaji ndani ya wimbo. Tarehe 20 Aprili 1992, Wembley, kwenye tamasha la kumkumbuka, Freddie hayupo, George Michael akasimama kuuimba, na sehemu ile ilipofika uwanja mzima ukaishika. Wimbo umepoteza mwimbaji wake, na umesimama. Mnataka ushahidi gani mwingine?

Mtaniuliza basi cha kwanza ni nini, kama hicho ni cha pili.

Ni "Killer Queen". Oktoba 1974. Dakika tatu.

Nasikia mtu kacheka huko nyuma. Cheka, kaka, ila subiri. Ni habari za mwanamke wa kifahari, anakunywa shampeni ya Moët, ananukuu Marie Antoinette, anaweza kukaa meza moja na Khrushchev na Kennedy. Kazi yake wazee mnaielewa, watoto wataelewa wakikua. Kwa kawaida Freddie alianza na muziki. Safari hii, alisema mwenyewe, maneno ndiyo yaliyotangulia. Na inasikika, kwa sababu kila kitu kinachofuata kinayahudumia maneno.

Sikilizeni kwa sikio la fundi. Unaanza kwa vidole vinavyoaliza, tap, tap, kama mtu anayemwita mhudumu hotelini. Hakuna dramu. Piano inaingia, na juu ya piano kuna piano nyingine yenye mlio wa kengele kengele, mlio wa baa ya zamani. Ikitajwa leza, sauti inazungushwa kidogo, sekunde moja, haizungushwi tena. Ubeti wa pili sio ubeti wa kwanza uliorudiwa: sauti za nyuma zimebadilika, gitaa limeongeza jibu, besi ya John inapanda ngazi ambayo mwanzo haikuipanda. Kisha solo ya Brian. Haina fujo hata chembe. Noti inagongwa na kuachwa inalia, gitaa la pili linajiunga, la tatu linajiunga, kama kengele zinazogongwa kwa zamu. Dakika tatu, na sijaona pambo ambalo ukiling'oa wimbo hautatoboka.

Na wanne? Hapa ndipo ninapoupenda zaidi. Mwaka ule Brian aliumwa. Walikuwa Marekani, wakilitangulia kundi la Mott the Hoople jukwaani, akashikwa na homa ya ini. Wakarudishwa nyumbani safari haijaisha. Kupona kidogo, akaanguka tena, vidonda vya tumbo, akafanyiwa upasuaji. Kijana wa watu kitandani anaogopa kwamba watatafuta mpigaji mwingine. Hawakutafuta. Waliendelea kurekodi na wakaacha nafasi, mapengo matupu ndani ya nyimbo, yakimsubiri. Wimbo huu aliusikia mara ya kwanza akiwa amelala chumbani, mgonjwa, Freddie anaupiga. Baadaye kuna sauti za nyuma alizoziona kali mno, hakuzipenda. Wakazirekodi upya kwa ajili yake. Kisha akainuka, akaja na sarafu yake ya peni sita, akajaza mapengo. Zile kengele tatu ni za mtu aliyetoka hospitali.

Mtaniambia kwamba jukwaani waliukata, wakauunganisha na nyingine. Kweli, mara nyingi waliupiga nusu. Lakini waliupiga wao, piano, gitaa, besi, dramu, koo tatu, na hakuna aliyetoka nje.

Freddie alipata tuzo ya Ivor Novello kwa utunzi huu. Kwenye chati za Uingereza wa kwanza wangu na wa pili wangu wote walikomea nafasi ya pili. Aliyemzibia njia "Killer Queen" alikuwa David Essex, na wimbo ambao sidhani kama kuna mtu humu ndani anayeweza kuuimba. Kama yupo, ainue mkono, nampa maikrofoni kabla ya mama zangu wa "Love of My Life" hawajanifikia.